Kuipima Kampuni ya Mavazi ya Kike

Kampuni nyingi za mavazi ya kike hujinadi kwa usafi wa pamba yao. Pamba ni jambo la maana, ila haisemi lolote kuhusu mikono iliyoishona. Mnamo tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladeshi, liliporomoka na kuwaua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Benki iliyokuwamo ikafungwa, washonaji wakaamriwa warejee kazini. Ajabu ni kwamba baadhi ya viwanda hivyo vilikuwa vimekwisha kukaguliwa! Ukaguzi ulihusu masharti ya kazi, si uimara wa jengo.

Basi anayeipima kampuni na aulize kwanza: je, imetangaza majina ya viwanda vyake? Ujira je? Na ahadi zake zina nguvu za kisheria? Mkataba wa usalama uliotiwa sahihi Mei 2013 ulikuwa nazo: kampuni zilibanwa kuhakikisha fedha za ukarabati zinapatikana, na kasoro za kila kiwanda kilichokaguliwa zikachapishwa hadharani.