Mto Ukifurika, Usingoje Gari la Wagonjwa

Ndugu mkulima wa bonde la Tana, kumbuka Aprili 2024. Maji yalifunika barabara ya Garissa pale Kona Punda, karibu na Madogo. Tarehe 28, mashua iliyojaa abiria ilipinduka hapo. Watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji.

Gari la wagonjwa halivuki mafuriko, na waokoaji hawana mashua katika kila kijiji. Kwa hiyo nusu ya kazi ni yako.

Kwanza, bwawa la Masinga likijaa na kumwagika, maji hayo yatateremka mpaka kwako, hata kama shambani jua linawaka. Usikiapo habari hiyo katika redio, mpeleke mapema mama aliye karibu kujifungua akae kwa jamaa karibu na hospitali.

Pili, usipande mashua iliyojaa kupita kiasi, wala isiyo na maboya ya kuvaa.

Tatu, ukipiga simu 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, taja kijiji, mfereji, na shule au msikiti ulio karibu. Kusema "niko shambani" hakumwongozi mtu.

Mahindi hupandwa tena, mtu hapandwi.