Jicho la Bolti

Kisu changu cha kwanza kilikuwa na pande mbili zisizosemezana. Upande wa kulia, hanamu, yaani ule mteremko unaotoka kwenye bapa kushuka hadi kwenye makali, ilianza vizuri karibu na mpini ikapotea kabla ya kufika nchani. Upande wa kushoto ilichelewa kuanza, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kama barabara ya Lushoto. Kukata kilikata, hata kisu kibaya hukata. Lakini kikizamishwa kwenye kitunguu kilikwenda kombo, kipande kikatoka kinene huku na chembamba kule. Mke wangu alikiosha, akakifuta, akakirudisha kwenye droo ya chini bila kusema neno. Wanaomfahamu watajua kuwa hiyo ni hukumu kamili, na haina rufaa.

Kosa halikuwa la tupa. Bega la binadamu ni kiungo cha mviringo na kiwiko ni bawaba. Vyote viwili vimeumbwa kuzungusha, si kunyoosha. Ili tupa iende sawa, mkono wa mbele unatakiwa ukandamize zaidi mwanzo wa msukumo na wa nyuma ukandamize zaidi mwishoni, na makabidhiano hayo yafanyike polepole, kila mara, mamia ya mara. Anayeanza hukandamiza kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, tupa inacheza kama pembea, na bapa linaota tumbo. Mafundi wa zamani walilitibu tatizo hili kwa muda: mwanafunzi aliachiwa kipande cha chuma na tupa mpaka mikono ikubali. Asiye na muda huo hutengeneza jigi.

Neno tumelipata kwa Waingereza, kama tulivyopata bolti na nati, na karakana zetu zinalitamka bila haya. Kitu chenyewe si kigeni. Kofia ya vito ikishafuliwa huvalishwa faroma ili ikauke bila kusinyaa. Mfyatua matofali ana kalibu yake, fundi viatu ana mguu wake wa mti. Wote hao wanatumia jigi, ila hakuna aliyewaambia.

Sifa inayopewa jigi, kwamba inampa mgeni mkono wa fundi, si ya kweli. Jigi haitoi chochote. Kazi yake ni kukataza. Kitu kilicho huru hewani kinaweza kwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, na kinaweza kujizungusha kwa namna tatu nyingine. Hizo ni njia sita za kwenda, na kwa anayejifunza ni njia sita za kukosea. Kabla ya kununua hata msumari, swali ni moja: ni mwendo gani naufunga, na upi nauacha wazi? Jigi mbovu nilizowahi kuziona, mbili zikiwa zangu, zilifunga kwa ustadi mkubwa mwendo usio na madhara.

Chuma kwanza. Visu vingi vya wanaoanza hutoka kwenye springi ya gari, kwa sababu ina kaboni ya kutosha kushika makali na kwa sababu inapatikana kwenye vyuma chakavu vya kila mji. Hilo si la Waafrika peke yao. Bob Loveless, Mmarekani ambaye baadaye visu vyake viliuzwa kwa bei ya gari zima, alianza miaka ya 1950 akiwa baharia, na kisu chake cha kwanza alikitoa kwenye springi ya gari aina ya Packard. Springi ya gari letu la kazi, hata hivyo, ni nene mno kwa tupa, na imekwisha kupewa ugumu wake kiwandani. Ukiipiga tupa jinsi ilivyo, unainoa springi na kuimaliza tupa.

Yangu niliipeleka Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja anayefua chuma chini ya mwembe.

"Unene gani, mwanangu?"

"Milimita nne, mzee."

Hakugusa rula. Alipasha chuma mpaka kikawa chekundu cha kung'aa, akakigonga kikaanza kutandazika, na kilipokaribia akaweka vipande viwili vya chuma bapa juu ya fuawe, kimoja kila upande. Akalaza juu yake bamba pana, kijana wake akashusha nyundo kubwa. Bamba lilishuka mpaka likagota kwenye vile vipande viwili. Lisingeweza kushuka zaidi hata kijana angetumia hasira zote za ujana wake. Kisha akakifukia chuma kwenye majivu kipoe usiku kucha, kilainike kwa ajili ya tupa. Nilimwuliza vile vipande viwili vinaitwaje.

"Vinaitwa vyuma," alisema.

Nilirudi nyumbani na chuma cha milimita 4 na mada ya makala.

Jambo la kwanza baada ya kukata umbo ni mstari wa katikati ya ukingo, ambako makali yatakaa, na hapo jigi ni biti ya drili. Paka ukingo wino, laza kisu juu ya kigae au kioo, laza na biti ya milimita 4 kando yake, ukwaruze kwa ncha ya biti kutoka mwanzo hadi mwisho. Ncha ya biti iko katikati ya unene wake, basi inachora kwenye milimita 2. Geuza kisu, kwaruza tena. Kama biti na chuma havikulingana sawasawa, utapata mistari miwili badala ya mmoja, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: katikati halisi iko baina ya mistari hiyo, na kwa vyovyote hutakiwi kufikisha tupa kwenye mstari mmoja kabla ya kisu kutiwa moto. Makali membamba kama karatasi hupinda au kupasuka yakizamishwa kwenye mafuta. Nusu milimita inatosha kubaki. Ni jigi chache ambazo kosa lake linakusaidia.

Sasa hanamu yenyewe. Ubao usiopinda, urefu wa sentimita 70 hivi. Mwisho mmoja kisu kinalazwa juu ya kipande cha chuma na kubanwa kwa klampu, makali yakikuelekea wewe. Mwisho wa pili inasimama bolti ya M8 yenye jicho, imepenya ubao na kukazwa kwa nati juu na chini. Tupa inafungwa kwenye nondo laini ndefu, na mkia wa nondo unapita ndani ya jicho. Ukisukuma, nondo inateleza jichoni, na tupa inalazimika kufuata mstari mmoja wa mteremko. Umeme haukuhitajika, jambo ambalo jioni nyingi limeniokoa.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Unene ni milimita 4 na nataka hanamu yenye kimo cha milimita 20. Kila upande ushuke milimita 2 katika 20, yaani moja kwa kumi. Kipimapembe cha nini? Jicho likiwa sentimita 40 kutoka kwenye kisu, liinuliwe sentimita 4 juu ya uso wa kisu, na juu yake uongeze ile nafasi iliyopo kati ya uso wa tupa na nondo iliyoibeba. Nafasi hiyo niliisahau. Ilikuwa sentimita 1, basi mteremko wangu ukawa wa sentimita 3 badala ya 4, na hanamu ya kisu cha pili ikapanda karibu kufika mgongoni. Pande zote mbili zilikosea kwa kulingana kabisa. Ndiyo tabia ya jigi: haikusahihishi, inarudia ulichoiambia, kwa uaminifu wa karani wa zamani.

Marekebisho ni rahisi. Uzi wa kawaida wa M8 hupanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko, na kwa umbali wa sentimita 40 mzunguko mmoja hubadili pembe kwa chini ya moja ya tano ya nyuzi. Usahihi huo unauzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwenye ndoo, unachagua mwenyewe.

Jicho halizuii tupa kupepea kulia na kushoto, na ndivyo inavyotakiwa, maana kisu kina urefu. Kwenye kisu cha sentimita 10, ncha iko sentimita 5 kando ya katikati. Umbali kutoka hapo hadi kwenye jicho unazidi kwa milimita 3 katika 400. Pembe inabadilika, lakini kitunguu hakitagundua. Fupisha ubao ili jicho likae sentimita 15 tu, kwa kuwa meza ni ndogo, na tofauti inakuwa milimita 8 katika 150. Hapo kitunguu kitakuwa na maoni. Ndiyo maana nashangaa nikiona jigi nzuri za chuma kilichong'arishwa, fupi kama kiganja. Ubao mrefu wa bei poa unazishinda, kwa sababu tu ni mrefu.

Mwendo mmoja wa hatari umebaki wazi. Tupa inaweza kujiviringisha juu ya mhimili wa nondo, ikala zaidi upande wa mpini kuliko upande wa nchani. Unaweza kuufunga nao kwa reli na magurudumu. Nimejaribu, nikapata kifaa kizito kuliko baiskeli. Siku hizi nauacha. Vidole viwili juu ya tupa vinasikia inapolala sawa juu ya chuma na inapolalia ukingo, na hicho ndicho kitu pekee mkono wangu ulichojifunza wakati huo wote. Jigi isingeweza kunifundisha kitu ilichokifunga.

Kwenye mabega, pale hanamu inapokoma karibu na mpini, nilifanya kosa la kijinga zaidi. Hutakiwa vipande viwili vya chuma vinavyokumbatia kisu, vilivyokazwa kwa bolti mbili, ili tupa igote hapo pande zote mbili kwa mstari mmoja. Nilivitengeneza kwa chuma cha pembe cha madirisha, nikavipangusa, nikavipiga picha. Tupa iliviona kama chakula. Baada ya robo saa jigi ilikuwa na bonde na mabega ya kisu yalikuwa yamefuata bonde hilo. Kinachoizuia tupa lazima kiwe kigumu kama tupa. Kwa hiyo sasa nimebandika kwenye uso wa jigi vipande vya tupa iliyovunjika kwa gundi ya kuchanganya. Tupa inapiga kelele, inateleza, inakoma.

Nayapita haraka ya moto, ambako jigi hazishikiki kwa mkono ila kazi yake ni ileile. Sumaku iliyoning'inizwa kwa waya inakataza jicho kudanganyika na rangi: chuma huacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi, nawe unapandisha moto kidogo zaidi ya hapo. Chembe ya chumvi ya mezani iliyonyunyizwa juu ya kisu huyeyuka kwenye nyuzi 801, kipimajoto kinachouzwa kwa paketi. Mafuta ya kuzimia yawe kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, nje ya nyumba. Dumu la plastiki ni la kubebea tu. Na kisu kikitoka kwenye mafuta kimepinda, kama kinavyopenda, usikigonge, kitakatika kama kigae. Kifunge kwa klampu juu ya chuma kilichonyooka, tumbo likitazama juu na sarafu kila mwisho chini yake, ukikaze katikati mpaka kipite kidogo ule unyoofu, kisha kioke kwenye oveni kwa nyuzi 200, saa mbili. Sarafu za shilingi mia zinafaa. Sijui matumizi mengine yaliyobaki kwazo.

Kuna ugonjwa unaoandamana na kazi hii. Wayne Goddard, mfua visu wa Oregon, alitoa mwaka 2001 kitabu ambacho kichwa chake kinaahidi karakana ya visu kwa dola 50, na wengi tuliovutiwa na wazo hilo tumeishia kuwa na karakana na hatuna visu. Jigi ni tamu kutengeneza. Haina ncha ya kuharibika, haipindi kwenye mafuta, na hakuna mtu atakayekata nayo kitunguu mbele yako. Kwa miezi mitatu nilikuwa na jigi saba na visu viwili. Sasa nimejiwekea masharti: jigi mpya haitengenezwi mpaka kosa lilelile limejirudia kwenye visu viwili.

Nilipohitaji springi nyingine ifuliwe, niliubeba ule ubao hadi Gerezani, nikijidai nataka ushauri. Mzee aliuweka mapajani. Hakuangalia ubao, wala klampu, wala tupa. Aliishika nondo, akaitikisa jichoni, ikalia kama sarafu ndani ya kibubu.

"Inacheza."

Ilikuwa inacheza kweli. Nondo ya milimita 8 kwenye tundu la milimita 10, na muda wote nilikuwa nazilaumu nati. Aliokota kopo la soda lililokanyagwa, akakata utepe kwa mkasi wa bati, akauviringisha ndani ya jicho, akaukunja kingo pande zote mbili kwa kugonga na mpini wa nyundo. Akapitisha nondo. Ikapita kwa shida kidogo, kimya.

"Tia grisi," alisema, akarudi kwenye moto wake.