Moshi Hauandikwi Kwenye Cheti cha Kifo

Ukisafiri kutoka Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, utapita magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya lami. Mengi ni ya mathenge, mti wa kigeni uliotapakaa Turkana. Anayeyauza mara nyingi ni mwanamke aliyeanza kuvuta moshi akiwa mgongoni mwa mamake: kwanza wa mafiga ya nyumbani kwao, baadaye wa mafiga yake mwenyewe, kisha wa tanuri la makaa. Akivuka miaka hamsini, kifua huanza kumbana. Zahanati itampima kifua kikuu, na ni haki ipime, kwa kuwa TB imeisumbua Turkana kwa muda mrefu. Makohozi yasipoonyesha kitu, atapewa antibiotiki arudi nyumbani.

Akifia nyumbani, hahesabiwi inavyopaswa. Nchini Kenya, kifo cha hospitalini hujaziwa fomu ya D1, na daktari huandika chanzo. Kifo cha nyumbani hujaziwa D2 na naibu wa chifu, kwa maelezo ya jamaa, nao husema marehemu alisumbuliwa na kifua. Nimonia, TB, pumu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa vyote huishia kwenye mstari huo mmoja. Pengo hilo wanatakwimu hulijaza kwa makadirio.

Ndiyo maana picha ya dunia inahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 2019 maradhi sugu ya njia za hewa yaliua watu wapatao milioni 4. Tangu 1990, kiwango cha vifo kikilinganishwa kwa umri kimeshuka sana, lakini idadi ya wanaokufa imepanda, kwa sababu watu ni wengi zaidi na wanaishi hadi umri ambao mapafu huchoka. Turkana, yenye watu 926,976 kwa sensa ya 2019, bado ni kaunti ya vijana. Mzigo wake mkubwa uko mbele.

Kuhusu moshi wenyewe tunajua mengi, tena kutoka karibu. Watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima hewa katika nyumba 55 huko Mpala, Laikipia, miongoni mwa familia za Waturkana na Wasamburu, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet. Walichunguza maambukizi ya muda mfupi ya njia ya hewa, si maradhi sugu, lakini waliona jambo ambalo kila mpishi analijua: wastani wa siku nzima hudanganya. Mama anapoinama kupuliza kuni au kukoroga sufuria, dakika hizo chache humwingizia moshi mzito kuliko anaopata mtu aliyeketi mlangoni.

Watoto nao? Mapafu hukua hadi miaka ya ishirini na kitu, kisha nguvu yake hupungua polepole kwa kila mtu. Mwaka 2015 mtafiti Peter Lange na wenzake walionyesha kwamba takriban nusu ya wenye ugonjwa wa kuziba njia za hewa hawakupoteza pumzi kwa kasi. Waliingia utu uzimani na mapafu ambayo hayakukomaa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Kuni za mgao hazikutosha, na familia nyingi zikabadilisha chakula cha mgao kwa makaa ya wenyeji. Waliozaliwa humo mwaka ule wamevuka thelathini, na pumzi zao zimeanza kuteremka.

Naona ni dhuluma kumwacha mtu hivi bila kipimo. Spairometa, kifaa cha kupulizia kwa nguvu kwa sekunde chache, hutenganisha kuziba kwa njia za hewa na magonjwa mengine, na inhela humpunguzia mgonjwa dhiki. Kwa waliofariki, Siaya na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi imekwisha kutumia njia ya kuwahoji jamaa: kikohozi kilidumu miezi mingapi, alikuwa akipumua kwa mluzi, alivuta tumbaku? Huku Turkana, iwe Kalokol, Lokichoggio au Kalobeyei, maswali hayo, pamoja na lile la alipika kwa kuni au makaa, anaweza kuyauliza mhudumu wa afya ya jamii, siku ileile fomu ya D2 inapojazwa.