Mchanga wa kung'oa kutu ni hatari kwa mapafu

Kijana mmoja mwenye umri wa miaka 29 alikuja kwangu mwaka jana akihema kana kwamba ametoka kupanda mlima. Alikuwa amepanda ngazi sita tu za mlango wa kliniki. Katika muda wa miaka miwili alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu mara mbili, ingawa kila kohozi lake lilipopimwa hakuna kijidudu kilichoonekana. Alikuwa amekonda, na majirani, kama ilivyo desturi yetu, walikuwa wamekwisha kumpa jina la ugonjwa wao wenyewe.

Nilimwuliza swali ambalo sisi madaktari hulisahau mara nyingi: "Unafanya kazi gani?"

"Mimi hupiga mchanga, daktari."

Huenda wasomaji wengine hawaijui kazi hiyo. Kompresa husukuma hewa kwa nguvu katika mpira, mchanga ukachanganyika na hewa hiyo na kutoka kwenye mdomo wa bomba kwa kasi kubwa. Rimu ya gari, tangi la maji, geti au bodi ya lori huvuliwa kutu na rangi kuukuu mpaka chuma king'are, tayari kupakwa rangi mpya. Ni kama msasa, ila kazi ya mkono ya kutwa nzima humalizika kwa dakika chache. Njia hiyo hiyo hutumiwa kuchora maua kwenye vioo vya milango na majina kwenye mawe ya makaburi. Mmarekani Benjamin Tilghman ndiye aliyeiandikishia hataza mwaka 1870.

Ubaya uko ndani ya mchanga wenyewe. Mchanga wa mito yetu hutokana na miamba kama ile ya Maragoli, au lile jiwe la Ilesi linalotoa machozi, na sehemu yake kubwa ni madini yaitwayo silika. Ukiulalia mchanga huo haukudhuru. Lakini unapogonga chuma hupasuka na kuwa vumbi jembamba ajabu. Chembe zilizo ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita hazizuiwi na puani wala kooni, na zile ndogo zaidi hufika hadi vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali hewa inapokutana na damu.

Huko ziko chembechembe za mwili ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, askari wetu wa ndani. Askari humeza silika, silika humwua, naye akifa huimwaga tena. Mwingine huja na kuimeza, akafa vivyo hivyo. Kila mara mwili huziba kidonda kwa kovu, na kovu halipitishi hewa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, lakini kwa wapiga mchanga, ambao humeza vumbi jingi kwa wakati mmoja, unaweza kumwangusha mtu katika miaka michache, hata miezi. Hauna dawa ya kuuponya. Tena huendelea hata baada ya mtu kuacha kazi.

Silikosisi na kifua kikuu ni ndugu wabaya. Mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na katika picha ya eksirei magonjwa hayo mawili yanaweza kufanana. Ndiyo sababu kijana wangu alipewa dawa zisizomhusu. Zaidi ya hayo, mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya aina hii katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Si jambo jipya. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1949 za kuzuia silika katika kusafisha vyuma vya kalibu. Uturuki ilipiga marufuku mwaka 2009 kupiga mchanga suruali za jinzi, baada ya vijana wa karakana za huko kufa. Walikuwa wakizichakaza ili zionekane zimevaliwa. Mimi sijawahi kuielewa fasheni hiyo.

Basi fundi atumie nini? Viko vingi. Changarawe ya chuma hutumika tena na tena katika chumba kilichofungwa, nayo hung'oa kutu nzito. Ganeti, jiwe jekundujekundu, lina silika kidogo sana iliyo huru, hukata upesi na huweza kuchekechwa na kurudiwa. Shanga ndogo za kioo hung'arisha sehemu za injini bila kuzila. Kioo hutengenezwa kwa silika pia, lakini ikiyeyushwa hubadilika umbo na haina ukali ule. Hata magunzi ya mahindi, ambayo sisi tunayatupa jikoni, yakisagwa husafisha mbao na mitambo yenye mafuta bila kukwaruza. Barafu kavu huondoa uchafu na kupotea hewani, ila katika chumba kisicho na madirisha gesi yake inaweza kumkosesha mtu pumzi. Mabaki ya kuyeyushia shaba, yanayotumiwa sana kwenye meli, siyapendi: huweza kuwa na risasi na aseniki.

Wenye karakana huniambia mchanga ni rahisi. Ni rahisi kununua, kweli, lakini hupasuka ukitumiwa mara moja, na ganeti au chuma hurudiwa. Hata hivyo hakuna kimoja kisicho na vumbi kabisa, kwa kuwa rangi kuukuu inayong'oka huweza kuwa na risasi.

Leso iliyoloweshwa haizuii vumbi hili, wala barakoa ya kitambaa. Anayeshika bomba anahitaji kofia inayofunika kichwa chote na kuletewa hewa safi kwa mpira wake. Maji hupunguza vumbi, hayalimalizi. Nguo za kazi zisiende nyumbani kwa watoto. Na yale maziwa ambayo vibarua hunywa jioni "kuosha kifua" huenda tumboni; vumbi liko mapafuni. Wanaosaga mawe ya dhahabu huko Ikolomani na Rosterman nao wako katika vumbi hilo hilo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo, na inamtaka daktari atoe taarifa kwa mkurugenzi anapoona ugonjwa wa namna hii. Nilijaza fomu yangu. Kuhusu fidia, kijana hakuwa na barua ya kazi wala hati ya malipo, na suala lake bado linazunguka ofisini.

Ameacha mchanga, anauza simkadi karibu na stendi, na huja kupimwa kohozi. Safari yake ya mwisho hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Mdogo wake ndiye aliyeachiwa bomba. Nilimwambia amlete, akamlete Jumamosi; picha yake ingali safi. Kabla hawajaondoka aliomba nimwandikie neno "ganeti" kwenye karatasi, ampelekee bosi.