Maumivu ya Chembe cha Moyo

Mwezi huu twataka kusema na wanaume hasa, kwa kuwa wengi wao huumwa juu ya kitovu, mahali paitwapo chembe cha moyo, nao hunyamaza. Wake zao huona tu ya kuwa chakula chasazwa sahanini, na usiku hakuna usingizi.

Sababu ya maumivu hayo si moja. Ya kwanza ni vidonda vya tumbo. Zamani watu walidhani vyatokana na masumbuko na pilipili. Lakini mwaka 1982 waganga wawili wa Perth, katika Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walifaulu kukuza chomboni kijidudu kikaacho tumboni, kiitwacho Helicobacter pylori. Wengi hawakusadiki, basi mwaka 1984 Marshall akanywa vijidudu hivyo mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo leo vidonda vingi hupona kwa dawa za kuua vijidudu, pamoja na dawa ya kupunguza asidi.

Walakini dawa za maumivu, kama aspirini na diklofenaki, huchubua tumbo zikimezwa siku nyingi. Azimezaye ili kutuliza tumbo ajiumiza mara mbili.

Ya pili ni vijiwe vya nyongo, viumavyo chini ya mbavu za kuume, mara nyingi baada ya chakula cha mafuta. Ya tatu ni kongosho, ambayo pombe nyingi huidhuru. Maumivu yake makali hupenya hata mgongoni. Ya nne ni moyo wenyewe. Moyo ukikosa damu, mtu huweza kudhani ni kiungulia tu, kumbe atoka jasho la baridi na pumzi zampungukia. Huyo asingoje asubuhi.

Tena ziangalieni dalili hizi: kutapika damu, choo cheusi kama lami, tumbo gumu kama ubao, macho ya manjano, na kukonda bila sababu. Mwenye mojawapo asikawie kwenda hospitali.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi, mama, ukimwona bwana wako ashika tumbo kila siku, usimpikie uji ukanyamaza, mwambie, "Bwana, twende tukapimwe." Nawe baba, kukubali si unyonge. Ni kuwatunza watoto wako.