Rubani aliyeng'olewa jino: Mwili una haki yake, abiria nao wana haki yao

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, tumepokea swali la mama mmoja mkazi wa Chanzuru, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Mama huyu anaeleza kuwa mwanawe ni rubani wa ndege ndogo zinazowapeleka wageni mbugani. Ameng'olewa gego la mwisho la chini kwa kuchanwa ufizi na kushonwa nyuzi, kisha akaja nyumbani kupumzika. Daktari amemwandikia mapumziko ya siku 7. Siku ya pili shavu lilikuwa limevimba, chakula chake kilikuwa uji, na usiku hakupata usingizi ila kwa vidonge. Pamoja na hayo, kijana ameazimia kurudi kazini siku ya tatu, kwa kuwa ada za wadogo zake zinamtazama yeye. Mama alipomzuia, alijibiwa: "Mama, jino tu hili, si mguu uliovunjika."

Mama anauliza mambo mawili. Je, amwache aende, kwa kuwa kuilisha familia ni ibada? Na je, mtu aliyekatazwa na daktari kusukutua atatawadha vipi?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba asiende, na kwamba dini yetu haikumbana katika udhu. Tunaomba wasomaji watuvumilie tueleze sababu zake, kwani jambo hili haliwahusu marubani peke yao.

Siku ya tatu si siku ya kupona

Magego ya mwisho huota mtu akiwa na umri wa baina ya miaka 17 na 25 hivi, ndiyo maana Waarabu huyaita meno ya akili. Mara nyingi taya huwa halina nafasi ya kutosha, basi gego likaota kwa kulala ubavu au likabaki limefunikwa na ufizi. Chakula hunasa hapo, usaha huingia, na mwisho wake ni kulitoa.

Likishatolewa hubaki shimo, na damu huganda ndani yake. Bonge hilo la damu ndilo kifuniko cha mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Ndiyo maana mgonjwa hukatazwa kusukutua kwa nguvu, kutema mate kwa kishindo, kunywa kwa mrija na kuvuta sigara katika siku za mwanzo. Kusukutua taratibu kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu huanza baada ya saa 24. Uvimbe hufikia kilele chake siku ya pili au ya tatu. Bonge lile likitoka kabla ya wakati, maumivu makali hujitokeza katika siku hizo hizo, yakipanda hadi sikioni na kichwani. Kwa hiyo, siku ambayo kijana huyu anaona amekwishapona, ndiyo siku ambayo matabibu huihofia.

Jino na anga

Aliye ardhini anaweza kustahimili maumivu akarudi nyumbani. Aliye angani hawezi kuegesha ndege pembeni ya njia. Zaidi ya hayo, kadiri ndege inavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na hewa iliyojificha ndani ya mwili hutanuka. Ndege nyingi ndogo haziongezewi mgandamizo ndani, hivyo rubani hukutana na badiliko hilo moja kwa moja. Jino bovu au kidonda kilichomo kinywani kinaweza kuamka ghafla kwa sababu hiyo. Kwa magego ya juu hatari ni kubwa zaidi, kwani mizizi yake hukaribiana na uwazi uliomo ndani ya mfupa wa shavu, na huenda kukabaki tundu linalounganisha uwazi huo na kinywa.

Kisha kuna dawa. Baadhi ya dawa kali za kutuliza maumivu, kama vile kodeini na tramadoli, huleta usingizi, kizunguzungu na uzito wa fikra. Miongozo ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya inamtaka rubani asiruke kwa muda usiopungua saa 12 baada ya sindano ya ganzi, na saa 48 baada ya nusu kaputi. Muda huo ni wa ganzi peke yake, si wa kidonda wala wa vidonge vinavyofuata. Nayo kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, inamkataza mwenye leseni kufanya kazi hiyo anapojua kuwa afya yake imepungua kiasi cha kuhatarisha usalama. Zingatieni neno "anapojua". Kanuni hii imewekwa juu ya dhamiri ya rubani mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua alilala saa ngapi na amemeza nini.

Amana ya roho za watu

Hapa ndipo sheria ya wanadamu inapokutana na mafundisho ya dini yetu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, anatukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Na katika Suratul Maida, aya ya 32, anatufunza kuwa kuiua nafsi moja pasipo haki ni kama kuwaua watu wote. Abiria anayefunga mkanda wake amemkabidhi rubani roho yake, naye hana njia ya kumchunguza.

Mtume (s.a.w.) ameweka msingi ambao wanazuoni wamejengea hukumu nyingi, kwamba haifai kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Hadithi hiyo ni ya 32 katika Arubaini za Imam Nawawi. Anayeficha maumivu ili arudi kazini anajidhuru nafsi yake. Akiwa ndiye aliyeshika usukani, anahatarisha na wengine. Ni kweli kwamba kutafuta riziki ni ibada, lakini ibada haijengwi juu ya hatari kwa watu wasio na habari.

Kisa cha aliyejeruhiwa kichwani

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa ambacho kila familia yenye mgonjwa inafaa kukijua. Sahaba mmoja alipigwa na jiwe kichwani wakiwa safarini, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa, madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawalaumu kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Wenzake hao hawakuwa watu waovu. Walitaka ibada itimie, lakini walimtwisha majeruhi mzigo ambao Mola wake hakumtwisha. Sisi nasi huyafanya hayo tunapomwambia mgonjwa kuwa jino si ugonjwa, au tunapomkumbusha ada na kodi ya nyumba akiwa bado amejishika shavu. Mama wa Chanzuru ameuliza kabla ya kuruhusu, naye kwa kuuliza huko amefuata mafundisho ya Mtume (s.a.w.).

Udhu, swala na funga

Ama swali la pili, nguzo za udhu zilizotajwa katika Suratul Maida, aya ya 6, ni kuosha uso, kuosha mikono hadi viwikoni, kupaka maji kichwani na kuosha miguu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kusukutua ni sunna. Kwa hiyo mgonjwa aliyekatazwa ataiacha na udhu wake ni sahihi. Baada ya siku ya kwanza, atie maji kinywani taratibu na kuyaachia yatoke yenyewe pasipo kuyatema kwa nguvu. Mswaki nao autumie kwenye meno mengine, akiepuka kidonda.

Damu itokayo kinywani haitengui udhu katika madhehebu hayo, ingawa Mahanafi wana rai nyingine kuhusu damu inayotiririka. Lakini damu ni najisi, hivyo angoje ikome kama wakati wa swala ungali mpana. Wakati ukimbana, aswali kwa hali aliyonayo, kisha amuulize sheikh aliye karibu naye. Na kama ni katika mwezi wa Ramadhani na anahitaji dawa na chakula, ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184, naye atalipa siku hizo baadaye.

Wajibu wa familia na mwajiri

Tusimwachie kijana huyu mzigo wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyetimiza miezi 6 kazini likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, maadamu ameleta cheti cha daktari. Basi aipeleke karatasi yake, awaeleze wakubwa wake dawa anazotumia, na asirejee kwenye usukani mpaka daktari mwenye kupima marubani aridhike. Familia nayo ikae chini: ada inaweza kuombewa muda shuleni, na ndugu wanaweza kuchangiana. Mwajiri Mwislamu akumbuke kuwa yeye ni mchunga, na ataulizwa juu ya anaowachunga.

Haya hayawahusu marubani tu. Barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo twiga au tembo huweza kukatiza njia ghafla. Dereva wa basi au lori aliyemeza vidonge vya usingizi ana amana ile ile, na kijana wa bodaboda aliyempakia mwanafunzi ana amana ile ile.

Mwisho, tunampa kijana wetu bishara. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Musa (r.a.) kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa ujira wa mema aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkazi. Siku zake 7 za kukaa Chanzuru, akinywa uji wa mama yake na kuswali kwa wakati, si siku zilizopotea. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye yeye na wagonjwa wetu wote, na awalinde wasafiri wa nchi kavu, majini na angani. Amin.

Wabillahi tawfiq.