Nyuzi Zinazoshika Udongo

Chukua bonge la udongo mkavu kutoka shamba linalolimwa kila msimu, na jingine kutoka kwenye nyasi za mpakani. Yatumbukize katika glasi mbili za maji. Mara nyingi la shambani humeguka papo hapo na maji yakawa tope. La mpakani hukaa. Mvua ya masika hufanya jaribio hilohilo, tena bila huruma.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kazi ya kuvu za mikoriza. Huingia ndani ya mizizi ya mahindi, maharage au muhogo, zikapewa sukari, nazo zikaleta fosforasi kutoka mbali ambako mzizi haufiki. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, huzingira chembe za mchanga na mfinyanzi na kuzifunga pamoja. Jembe huzikata.

Mbolea nayo? Mmea ulioshiba fosforasi hupunguza sukari inayokwenda kwa kuvu, na nyuzi hupungua. Hapo ndipo wengine hukimbilia kusema mbolea ya dukani inaua udongo. Sikubaliani nao. Hindi lililodumaa lina mizizi haba, halina sukari ya kumgawia yeyote. Kwenye shamba lililochoka, mbolea ya kiasi huongeza mizizi, na mizizi ndiyo makao ya kuvu.

Aina ya udongo nayo ina neno. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una oksidi za chuma na aluminiamu, gundi tosha ya kushika mabonge hata kuvu zikipungua. Lakini oksidi hizohizo hung'ang'ania fosforasi, kwa hiyo mmea bado unazihitaji kuvu kwa chakula. Udongo wa kichanga hauna gundi hiyo. Huko uzi ukikatika, bonge limekwisha.

Kabete, karibu na Nairobi, kuna jaribio la mahindi na maharage lililoanza mwaka 1976 kwenye udongo mwekundu. Mboji, nayo gundi ya udongo, imepungua hata kwenye vipande vilivyotunzwa. Ila ilipungua polepole zaidi palipowekwa samadi na kubakizwa mabua.

Najua mabua yana mwenyewe, naye ni ng'ombe. Basi samadi yake irudi shambani. Na kama una mfuko mmoja tu wa DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi, ugawe kwa kiasi shimoni pamoja na samadi hiyo, usiumwage wote kwenye kipande kimoja.